Rolling Stones: marehemu bado anapiga ngoma, na wazee wa muziki wa Congo?

Siku ya Ijumaa tarehe 20 mwezi wa kumi 2023, kundi la muziki wa rock la Uingereza, Rolling Stones, lilitoa albamu mpya inayoitwa Hackney Diamonds. Ina nyimbo 12. Mwimbaji, Mick Jagger, alikuwa na miaka 80 wakati huo. Mpiga gitaa Keith Richards alikuwa na miaka 79 na angefikisha 80 mwezi wa kumi na mbili mwaka huo. Mwenzao Ronnie Wood, ambaye kati yao watatu ndiye mdogo, alikuwa na miaka 76. Kabla ya hapo, albamu yao ya mwisho yenye nyimbo mpya walizotunga wenyewe ilikuwa imetoka mwaka 2005. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa sasa anafikia umri wa kupiga kura.

Juma moja tu baada ya kutoka, albamu ilishika nafasi ya kwanza katika mauzo ya Uingereza. Redio na magazeti ya Ulaya yameongea sana juu ya umri wa wazee hawa: wamewezaje, wanatafuta nini tena, kwa nini hawaendi kupumzika? Ni maswali ya kueleweka. Lakini kuna jambo lingine ndani ya albamu hii, na ndilo linalowahusu zaidi Wakongomani. Kwenye nyimbo mbili kati ya zile 12, anayepiga ngoma ni Charlie Watts. Na Charlie Watts alifariki tarehe 24 mwezi wa nane 2021, akiwa na miaka 80.

Mtu alikuwa amezikwa zaidi ya miaka miwili kabla, na ngoma zake ndizo zilitoka sasa. Hakuna uchawi. Mwaka 2019, wakati bado ana nguvu, aliingia studio na wenzake, wakapiga, na kazi ile ikahifadhiwa vizuri. Nyimbo hazikuwa zimekamilika. Wenzake walipoamua kuzimaliza, walimkuta bado yupo pale, ndani ya sauti.

Wazee wa muziki wa Congo wakifa, wanamuziki waliobaki watawakuta wapi?

Kazi iliyokuwa imelala

Tuanze na jinsi albamu yenyewe ilivyopatikana, maana haikuja kwa urahisi. Kwa miaka mingi Rolling Stones walikuwa wakiingia studio, wanarekodi kidogo, wanatoka, na hakuna kinachokamilika. Mwaka 2016 walitoa albamu ya blues, lakini zile zilikuwa nyimbo za watu wengine, na walizirekodi kwa siku chache tu. Nyimbo zao wenyewe zilibaki vipande vipande. Mick Jagger hakuficha: wakati wa kutangaza albamu mpya, kwenye ukumbi wa Hackney Empire mjini London, tarehe 6 mwezi wa tisa 2023, alikubali mbele ya watu kwamba walikuwa wamezembea.

Kilichobadilisha mambo ni kifo cha mwenzao na tarehe. Baada ya Charlie Watts kuondoka, hao waliobaki walielewa kwamba saa haiwangoji. Mwisho wa mwaka 2022 Jagger alimwambia Richards kwamba waanze kurekodi, na wawe wamemaliza ifikapo tarehe 14 mwezi wa pili, sikukuu ya wapendanao. Richards hakuamini kama itawezekana. Lakini walishika kazi, na ilikwenda.

Jambo la pili: walikubali kuongozwa na kijana. Mtayarishaji wa albamu, Mmarekani Andrew Watt, alizaliwa mwaka 1990, wakati Rolling Stones walikuwa tayari wana karibu miaka 30 ya kazi. Angeweza kuwa mjukuu wao. Lakini ndiye aliyesimama pale kuwaambia wazee, rudieni hapa, hii imetosha, hii hapana. Kwenye ngoma aliketi Steve Jordan, mtu ambaye Keith Richards alikuwa ameshafanya naye kazi tangu miaka ya 1980. Hakuletwa ili watu wamsahau Charlie. Aliletwa ili kazi isisimame.

Kisha wakafungua mlango kwa marafiki. Paul McCartney wa Beatles, kundi ambalo magazeti ya miaka ya 1960 yalipenda kuligombanisha nao, amepiga gitaa la besi kwenye wimbo mmoja. Elton John na Stevie Wonder wamepiga piano. Lady Gaga ameimba. Na Bill Wyman, mpiga besi wa zamani aliyeacha kundi miaka 30 kabla ya hapo, amerudi kwa wimbo mmoja, ule ambao Charlie Watts anapiga ngoma. Kwa hiyo ndani ya wimbo ule wapo Jagger, Richards, Wyman na Watts, kama zamani, ingawa mmoja wao hayuko tena duniani.

Je, ni albamu kubwa kupita zile za ujana wao? Asiyependelea upande wowote atasema hapana. Hakuna humo sauti ambayo dunia haijaisikia. Ni rock ileile, gitaa lilelile. Lakini si kazi ya kuonewa huruma pia. Ni kazi ya watu wanaojua fundi yao na ambao wameamua kuimalizia.

Kugombana bila kuvunja nyumba

Mtu anaweza kufikiri kwamba kundi linadumu zaidi ya miaka 60 kwa sababu watu wake wanapendana. Sivyo. Rolling Stones walipiga mara ya kwanza mbele ya watu tarehe 12 mwezi wa saba 1962, London. Tangu hapo wamepitia yote. Brian Jones, aliyeanzisha kundi, alifariki mwaka 1969 akiwa na miaka 27 tu. Katikati ya miaka ya 1980 Jagger na Richards walikuwa hawaelewani kabisa. Jagger alitoa albamu yake peke yake mwaka 1985, Richards akatoa yake mwaka 1988. Wengi walisema kundi limekwisha. Mwanzoni mwa mwaka 1989 wawili hao waliketi pamoja kwenye kisiwa cha Barbados, wakaongea, wakaanza kutunga tena. Mwaka huohuo albamu mpya ilitoka.

Kila mmoja alikwenda pembeni kufanya yake, lakini jina la nyumba halikugawanywa. Hapo Wakongomani wanaweza kuangalia historia yao bila aibu na bila kujidanganya.

Zaiko Langa Langa ilizaliwa Kinshasa mwishoni mwa 1969. Miaka mitano baadaye Papa Wemba na wenzake walitoka, na kutoka kwa nyumba ile moja makundi mengine mengi yalizaliwa, mara nyingi kila moja likitafuta kubeba jina la « Langa Langa ». Wenge Musica ilipasuka mwaka 1997: JB Mpiana upande mmoja, Werrason upande mwingine, na mashabiki nao wakagawanyika mtaa kwa mtaa, hata Goma, Bukavu na Lubumbashi. Ilichukua miaka 25 ili mashabiki wawaone tena kwenye jukwaa moja, tarehe 30 mwezi wa sita 2022, kwenye uwanja wa Stade des Martyrs.

Kusema ukweli, kupasuka kule kulileta pia uzuri. Bila kutoka kwa Papa Wemba, Viva la Musica isingezaliwa, na bila Viva la Musica vijana wengi wenye kipaji wasingepata mlango. Ushindani umelisha rumba na soukous. Na Zaiko yenyewe haikufa: mzee Nyoka Longo, aliyekuwepo tangu siku za mwanzo, angali anaiongoza. Lakini kila mara nyumba inapovunjika kwa hasira, kuna kitu kinapotea: kanda zinabaki kwa mmoja, mikataba kwa mwingine, na jina la aliyetunga wimbo linakuwa jambo la kubishania. Nyumba ikigawanywa usiku, asubuhi hakuna anayejua sufuria ziko wapi.

Kutoka Mississippi hadi Likasi

Wimbo wa mwisho wa albamu hiyo unarudi mwanzo kabisa. Ni wimbo wa Muddy Waters, mzee wa blues wa Marekani, ambaye aliurekodi mwaka 1950. Ni kutoka kwa wimbo ule Brian Jones alipochukua jina la kundi. Katika miaka 61 hawakuwahi kuurekodi. Safari hii Jagger na Richards wameupiga wawili peke yao, gitaa na harmonika, bila ngoma.

Inafaa kukumbuka jinsi Muddy Waters alivyojulikana. Mwaka 1941 alikuwa mfanyakazi wa shamba huko Mississippi. Watafiti walifika na mashine ya kurekodi, kwa niaba ya maktaba kuu ya taifa la Marekani, wakamrekodi nyumbani kwake. Alipojisikia kwa mara ya kwanza, alielewa kwamba anaweza. Miaka miwili baadaye alihamia Chicago, na huko akawa mwalimu wa kizazi kizima. Mwaka 1961, vijana wawili wa Uingereza waliosoma pamoja utotoni walikutana tena kwenye kituo cha treni cha Dartford. Mmoja alikuwa amebeba chini ya kwapa diski za Chuck Berry na Muddy Waters. Ndipo maongezi yalianza. Vijana hao ni Jagger na Richards.

Tangu shamba la Mississippi hadi albamu ya 2023 ni miaka 82, na kila kiungo cha mnyororo huo kilishikwa na kitu kimoja: mtu fulani alirekodi, na mtu mwingine akahifadhi.

Congo ya wasema Kiswahili inayo hadithi yake ya namna hiyo, na ni karibu ya wakati uleule. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka sehemu nyingi za Afrika akirekodi muziki, alifika Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, Katanga. Huko alimkuta kijana mwenye gitaa, Jean Bosco Mwenda, anayejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Alimrekodi. Moja ya nyimbo hizo, Masanga, ilivuka mipaka, na wapiga gitaa wa nchi nyingi wakakaa chini kujifunza jinsi vidole vyake vinavyotembea kwenye nyuzi. Mwenda aliimba Kiswahili, Kiswahili cha Katanga, cha watu wa kazi na wa mjini. Alifariki mwaka 1990. Leo kijana wa Uvira au wa Bunia mwenye simu anaweza kumsikia akipiga, kama vile yuko barazani.

Lakini Mwenda hakuwa mpiga gitaa peke yake wa wakati ule. Kila mji wa migodi, kila kituo cha treni, kila parokia ilikuwa na wake. Wengi hawakukutana na mashine ya kurekodi. Hao hawakuwa na kipaji kidogo. Walikosa tu mtu wa kuwashika siku moja na kuwaambia: mzee, keti, piga, tunarekodi. Leo hata majina yao hayajulikani.

Wimbo na karatasi yake

Kurekodi peke yake hakutoshi. Rolling Stones wenyewe walilipa ada ya somo hilo. Nyimbo zao za miaka ya 1960, pamoja na zile ambazo dunia nzima inazijua, haki zake ziliingia mikononi mwa kampuni ya meneja wao wa wakati ule, Mmarekani Allen Klein, na hadi leo bado ziko kwa kampuni hiyo. Walikuwa vijana, walitia saini. Walipoelewa, walianzisha kampuni yao wenyewe, na kutoka mwaka 1971 kazi zao zikatoka kwa jina lao. Ikiwa watu wenye mawakili London na New York waliweza kupoteza namna hiyo, mwanamuziki wa Butembo anayepeana wimbo wake kwa kushikana mkono yuko hatarini mara ngapi?

Congo haikosi sheria. Sheria ya tarehe 5 mwezi wa nne 1986 inalinda mtunzi na kazi yake, na hata baada ya kifo chake inalinda warithi wake. Kuna SOCODA, shirika lenye kazi ya kukusanya na kugawa haki za watunzi. Mwaka 2021, mwezi wa kumi na mbili, UNESCO iliandika rumba ya Congo kati ya urithi wa dunia, kwa maombi ya Kinshasa na Brazzaville pamoja. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini urithi hauishi kwenye cheti. Unaishi ndani ya kanda iliyo na tarehe, na karatasi inayosema nani alitunga, nani alipiga gitaa, nani aliketi kwenye ngoma.

« Lakini hapa kuna vita »

Kuna atakayesema kwamba haya ni maneno ya watu walioshiba. Mwezi uleule wa kumi 2023 mapigano yalianza tena Masisi, familia zilikuwa njiani kuelekea Goma, kambi zilikuwa zimejaa. Nani ana wakati wa gitaa la babu?

Ni swali zito, na halina jibu la haraka. Mkimbizi anahitaji kwanza maji, hema, dawa na usalama. Hakuna albamu inayochukua nafasi ya hayo. Lakini vita hii haiharibu nyumba na mashamba tu. Mtu anayekimbia usiku anabeba mtoto na godoro. Habebi kaseti za baba yake. Mzee aliyekuwa anajua nyimbo za harusi za kijiji anafika kambini, na hapo hakuna harusi, hakuna anayemuuliza kitu. Akifia pale, nyimbo zinakwisha. Kwa hiyo ni kwa sababu ya vita kazi hii inakuwa ya haraka. Mahali palipo na amani watu wanaweza kusema tutafanya kesho. Kivu na Ituri hawana uhakika wa kesho.

Wengine watasema pia: Rolling Stones wana pesa. Ni kweli, na kumlinganisha mwanamuziki wa Kadutu na Mick Jagger kwa upande wa pesa ni kumchekesha mtu. Lakini kilichookoa ngoma za Charlie Watts si utajiri. Ni kwamba kulikuwa na kanda, na kanda ilikuwa mahali panapojulikana, na wenzake walijua ni yake. Mambo hayo matatu hayahitaji London.

Redio za jamii ziko karibu kila mji wa mashariki, zina vinasa sauti na vijana wenye kujua kuvitumia. Saa moja kwa juma inatosha kumwalika mzee mmoja, apige nyimbo tatu, aseme alizitunga lini na nani. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotafuta kichwa cha mémoire wanacho hapa, mlangoni mwa nyumba zao. Parokia na makanisa yana kwaya zenye miaka 40 au 50, na waalimu wa kwanza bado wako hai. Familia yenye mzee wa muziki ina simu. Makundi yenyewe yaandike, kabla ya kuingia studio, jina la kila aliyeshika chombo, na kila mmoja abaki na nakala yake. Wakigombana baadaye, angalau karatasi haitagombana.

Kwa upande wa serikali, wizara ya utamaduni na viongozi wa majimbo wasingoje mazishi. Kila mara mwanamuziki mkubwa anapofariki, hotuba zinasomwa, jeneza linafunikwa bendera, kamati ya mazishi inaundwa. Pesa ya siku moja ya kilio kama hicho ingetosha kurekodi wazee wengi wakiwa hai, na kuweka nakala kwenye mahali pa usalama, nje ya eneo la mapigano.

Kabla ya kufunga mlango

Jina Hackney Diamonds ni msemo wa mitaa ya London. Maana yake ni vipande vya kioo vinavyobaki barabarani baada ya mwizi kuvunja dirisha la gari: vinang'aa kama almasi, lakini ni mabaki ya kitu kilichovunjwa. Wazee watatu wameokota vipande vyao, cha 2019, cha 2022, sauti ya mwenzao aliyeaga, mkono wa mwenzao aliyestaafu, wakatengeneza kitu ambacho watoto wao watarithi.

Congo nayo ina vipande vyake, na vingi vinang'aa kuliko hivyo. Vingine viko ndani ya sanduku chini ya kitanda huko Lubumbashi, vingine kwenye kumbukumbu ya mzee mmoja aliyeketi leo jioni mbele ya hema lake, akipiga mdundo kwa vidole juu ya bidoni tupu. Yeye bado anasikia wimbo mzima. Jirani yake anasikia bidoni tu. Mwenye simu yenye chaji amkaribie, amsalimie, na kumuuliza wimbo ule unaitwaje.